Lengai, Meru au Bisoke: ukitokea Mwanza upande volkano ipi?

Mtu wa Mwanza akitaka kupanda volkano, kwanza achague upande: mashariki au magharibi. Hapa kwetu haipo. Mawe haya tunayojenga juu yake, kuanzia Mabatini hadi lile la Bismarck pale ziwani, ni itale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, sehemu ya pande la mwamba kongwe ambalo Bonde la Ufa lilishindwa kulipasua. Ufa ulipolifikia ukalizunguka. Mkono mmoja ukapita mashariki, mwingine magharibi, ziwa letu likabaki katikati. Mkono wa mashariki ndiko iliko milima ya Ol Doinyo Lengai na Meru. Ule wa magharibi ndio wenye safu ya Virunga, ambayo Rwanda, Uganda na Kongo wanagawana. Mtu wa Arusha akiuliza "twende volkano gani" anauliza mlima tu. Sisi tunauliza mlima na barabara.

Kikundi chetu cha kukimbia Jumamosi alfajiri kimelibishania jambo hili tangu Krismasi. Tuko tisa. Wanne wanataka moto, watatu wanataka picha ya kileleni, shemeji yangu anataka mahali pa kulala penye kitanda, na mmoja hajawahi kusema anataka nini ila hutuma stika. Kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kufika kote kutatu, nimeombwa niandike. Naandika, ila nasema mapema kwamba nina upande wangu.

Kabla ya barabara, tulimalize neno "hai", maana ndilo lililotupigisha kelele. Wataalamu wanaweza kuuita mlima hai hata kama haujatoa kitu kwa miaka mia. Meru ulilipuka mara ya mwisho 1910, jivu kidogo tu, na tangu hapo umenyamaza. Bisoke ulitoa 1957, na hata hapo si kileleni bali pembeni, mbali upande wa kaskazini. Kilimanjaro je? Kibo bado inatoa gesi kwenye shimo lake la juu, lakini imelala, na siku zake na gharama zake ni mada nyingine kabisa. Unaofanya kazi kweli ni Lengai: 1917, 1940, 1966, kisha 2007 hadi 2008, na katikati ya miaka hiyo lava imekuwa ikichuruzika humo ndani kimyakimya. Anayesema anataka volkano hai akimaanisha kuona kitu kinatokota, kwa upande wetu ana jibu moja.

Zamani yalikuwa mawili. Nyiragongo, mita 3,470, ndani ya Hifadhi ya Virunga ya Kongo iliyoanzishwa 1925, ulikuwa na ziwa la lava linalowaka usiku kucha, na watu walipanda kutoka Kibati wakalala ukingoni. Lava ya mlima huo huo ilipita katikati ya mji wa Goma Januari 2002, ikashuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ikaishia kwenye kingo za mji. Kisha vita: Januari 2025 Goma ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23. Kila mwezi kuna mtu kwenye kikundi anatuma video ya zamani ya lile ziwa la moto na kuandika "twendeni huku". Hapana. Tumeutoa kwenye hesabu.

Imebaki mitatu.

Lengai

Kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu, na hawasemi hivyo kwa kupamba. Watu huenda pale kuomba mvua na watoto. Urefu wake ni mita 2,962. Ukiutazama kutoka kijiji cha Engare Sero unaona umechongwa kama pia ya mtoto iliyogeuzwa, mbavu zake zina makorongo kuanzia juu hadi chini, na kileleni kuna weupe. Shemeji alipoona picha aliapa ni theluji. Si theluji. Ni lava.

Ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina hiyo kwa sasa: badala ya mwamba ulioyeyuka wa kawaida, ni kabonati za sodiamu na potasiamu. Kwa lugha ya jikoni, ni ndugu wa magadi, yale yale ambayo mama huyatia kwenye maharage yaive upesi. Inatoka na joto la nyuzi 500 hadi 600, kama nusu ya lava nyingine, nyeusi na nyepesi kama oili chafu inayomwagwa gereji. Ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Ziwa Natron lililo chini yake ni la magadi kwa sababu ya mawe ya aina hii kuoshwa na maji miaka nenda rudi.

Zamani ungeweza kuingia ndani ya kreta, lile shimo la kileleni, na kutembea juu ya lava iliyoganda. Mlipuko ulioanza Septemba 2007 ukaendelea hadi 2008 ulifuta hayo yote na kuacha shimo lenye kuta wima. Lava mpya inalijaza taratibu kutoka chini. Sasa unafika ukingoni, unachungulia, basi. Unaweza kuona vichuguu vya lava vinatema, unaweza kuona moshi tu. Sisi tuliona kidimbwi cheusi kikitikisika kama uji kwenye sufuria, kwa dakika chache, kisha ukungu ukafunga. Wenzetu waliokuwa mbele walioondoka mapema hawakuona kitu. Usimwahidi mtu moto.

Kupanda kwenyewe hufanyika usiku. Unatoka kambini saa tano, gari linakufikisha chini ya mlima, mnaanza saa sita usiku. Sababu si kuwahi jua kuchomoza. Sababu ni kwamba mlima hauna mti hata mmoja wa kukufaa kwa kivuli na kule bondeni joto huweza kufika nyuzi 40. Mnapanda zaidi ya mita 1,500 kwa mkupuo mmoja, saa tano hadi sita. Nusu ya kwanza ni kichaka na mchanga. Nusu ya pili ni ukuta.

Nikwambie ukuta ulivyo. Saa tisa usiku nilikuwa nimepiga magoti kwenye korongo lenye upana wa bega langu, mkono wa kulia umeshika jivu lililoganda. Juu lina gamba gumu kama saruji. Ukiligonga linapasuka kama ganda la yai, na ndani ni unga. Kila nilipokanyaga, gamba lilishika kwa sekunde moja ndipo likaamua kama litanibeba au la. Harufu ya kiberiti ilikuja na kuondoka na upepo. Mbele yangu mwongozaji wetu, kijana wa Kimaasai, alikuwa anapanda na katambuga za tairi. Sisi tuna mabuti, tuna tochi za kichwani, tuna fimbo za chuma. Yeye ana rungu na katambuga. Aligeuka akaniambia, "Mzee, kanyaga nilipotoa mguu, usitafute pako." Nina miaka arobaini na mbili. Usiku ule niliukubali uzee.

Kushuka ndiko kulikonitoa jasho la kweli. Mteremko unakaribia nyuzi 45, na kulipokucha nikaona kule nilikokuwa nimepita gizani. Laiti ningepaona kabla. Mapaja yanatetemeka, changarawe inakimbia chini ya soli, na sehemu mbili nilishuka kwa makalio; suruali ilirudi Mwanza haina kiti. Dada yetu mmoja, muuguzi mwenye goti bovu, alilia waziwazi, na hakuna aliyemcheka. Saa tano asubuhi tulikuwa chini, na jua limeshaanza kuuma.

Maji hakuna popote mlimani. Lita nne kwa kila mtu, si kwa wawili. Glavu za kazi, zile za mafundi ujenzi, ni muhimu kuliko koti la bei. Choo hakuna. Kibanda hakuna.

Jingine ambalo watu hawalitegemei: Lengai si hifadhi ya taifa. Upo kwenye Pori Tengefu la Ziwa Natron, na tangu 2018 eneo hilo pamoja na Ngorongoro limo kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za jiolojia. Maana yake kwa mfuko wako ni kwamba barabara ya kwenda huko ina vizuizi vya malipo zaidi ya kimoja. Tunza kila risiti. Maana yake kwa usalama wako ni kwamba ukivunjika mguu, hakuna kituo cha askari cha mlimani. Kuna wewe, mwongozaji na gari lenu.

Lakini ukishapumzika, bonde lile lina mambo. Kuna maporomoko ya Engare Sero ambako unaoga hadi jivu litoke masikioni. Kuna heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo, na Natron ndiko wanakotagia kwa wingi kuliko kokote Afrika Mashariki. Na kuna nyayo zaidi ya 400 za watu zilizokanyagwa kwenye tope la jivu la volkano likaganda, zenye umri usiopungua miaka 5,000 na pengine kufika 19,000. Vidole vinaonekana. Mmoja wao alikuwa anakimbia.

Meru

Huu sasa ndio mlima ulio ndani ya hifadhi ya taifa, Hifadhi ya Arusha, na kila kitu kina utaratibu wake. Mita 4,566. Siku nne kwa mtu mwenye akili, tatu kwa mwenye haraka. Unaingia lango la Momella, mita 1,500, unakabidhiwa kwa askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na hiyo si mapambo: siku ya kwanza tulisimamishwa robo saa nzima kwa ajili ya nyati dume aliyelala njiani kama ng'ombe wa Magu aliyekataa kuhama barabarani. Twiga nao wapo karibu na lango. Kwa wasiowahi kuona wanyama kwa miguu, siku hiyo moja ina thamani yake.

Usiku wa kwanza unalala Miriakamba, mita 2,514. Usiku wa pili unalala kibanda cha Saddle, mita 3,570. Ni vibanda vya mbao, vyumba vidogo vyenye vitanda vya juu na chini, magodoro, choo nje. Shemeji aliposikia habari ya vitanda aliniuliza mara mbili, "Una hakika, shemeji?" Nina hakika. Mchana wa siku ya pili, badala ya kulala, panda Meru Mdogo, mita 3,820, kama saa moja tu kutoka kibandani. Wengi huruka hiyo, kisha usiku kichwa kinawagonga. Mwili unahitaji kupelekwa juu kidogo na kurudishwa chini kulala.

Kwa nini naupenda Meru kuliko Lengai? Kwa sababu unaonyesha volkano inavyofanya kazi, wakati Lengai unaonyesha moshi wake tu. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wote wa mashariki uliporomoka. Mlima ukabaki kama kikombe kilichovunjwa upande mmoja, na kifusi chake kikasambaa bondeni. Maziwa madogo ya Momella yamekaa kwenye mashimo ya kifusi hicho. Usiku wa kilele unatembea juu ya mdomo wa kikombe. Kushoto kwako, ukipanda, kuna ukuta unaoshuka zaidi ya kilomita moja hadi sakafu ya kreta. Ndani ya kreta kuna mlima mwingine mdogo wa jivu, mita 3,667, mweusi, uliochongoka, uliozaliwa baada ya mkubwa kuvunjika. Huo ndio ninaoukumbuka nikifumba macho, si kilele.

Kilele chenyewe kinaitwa Kilele cha Ujamaa, jina ambalo vijana wetu hucheka na wazee hutulia. Tuliondoka saa saba usiku. Kutoka kibanda cha Saddle ni mita kama elfu moja tu za kupanda, pungufu ya Lengai, lakini hewa ni nyembamba na njia ni ndefu: unapanda Rhino Point, unashuka tena jambo linaloudhi, kisha unafuata ukingo wa mawe na mchanga mweusi, kilele cha uongo baada ya kilele cha uongo. Kulipokucha Kilimanjaro ukatokea upande wa mashariki juu ya mawingu, na sisi tuko usawa wa kuutazama shingo, si miguu. Watatu wetu wanaotaka picha ya kileleni, picha ndiyo hiyo.

Kasoro zipo. Soli ya buti langu la kushoto, nililonunua mtumba Mlango Mmoja kwa kujisifia kwamba nimepata mali, lilibanduka siku ya pili kama ulimi wa mbwa. Nililifunga kwa mpira wa baiskeli ambao mpagazi mmoja alikuwa nao mfukoni. Wapagazi wenyewe wanajiita wagumu, na baada ya mpira ule sina ubishi. Tangu siku hiyo, buti la mtumba nalikunja mara ishirini dukani, na nalivaa mwezi mzima kabla ya safari. Gundi ya zamani hukauka. Nje inang'aa, ndani imekufa.

Halafu kichwa. Kwenye mita 4,000 kila mtu anaumwa kidogo. Muuguzi wetu ana kanuni yake, nami naiandika kama alivyoisema: kichwa kikiuma peke yake, kunywa maji na upunguze mwendo, kikiuma na unatapika, au unatembea kama umelewa, unashuka sasa hivi, hata kama ni saa kumi usiku, hata kama umebakiza mawe mawili. Sisi wa Mwanza tuna nafuu ndogo kwa kuwa tunaishi zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, lakini ni nafuu ya kuanzia, haikufikishi juu. Kwenye Lengai tatizo hili karibu halipo; hufiki hata mita 3,000.

Bisoke

Nitakuwa mfupi hapa. Bisoke, mita 3,711, uko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Volkano, Rwanda, mpakani kabisa na Kongo. Unapandwa kwa siku moja: saa tatu au nne kupanda, mbili kushuka, na kileleni kuna ziwa la duara ndani ya kreta. Hakuna moto, hakuna harufu. Kuna msitu wa mianzi, kuna tope, tena tope, na kuna majani yanayowasha kupita suruali nyepesi. Ingiza suruali ndani ya soksi ndefu na uvae glavu. Karibu yake, kati ya Bisoke na Karisimbi, ndiko Dian Fossey alikofungua kituo chake cha kuchunguza sokwe wa milimani mwaka 1967, lakini kuwaona sokwe ni kibali kingine na bei nyingine, usichanganye. Mwenye kutaka zaidi apande Karisimbi, mita 4,507, siku mbili, baridi kali na kulala kwenye hema.

Utaratibu wao umenyooka. Mnakusanyika Kinigi asubuhi na mapema, mnagawiwa waongozaji, lakini usafiri wa kutoka hapo hadi mwanzo wa njia ni wako. Nenda na gari. Na kwa kuwa mlima uko mpakani, wiki ya kuondoka uliza kama njia iko wazi.

Barabara, ndiyo shida yetu

Meru: basi kutoka Nyegezi, Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Arusha. Takriban kilomita 800, siku nzima ya kukaa. Unalala Arusha, asubuhi unakwenda Momella. Usipande mlima siku uliyoshuka basi. Miguu iliyovimba garini haiingii vizuri kwenye buti.

Lengai: watu wengi wa huku hufika hadi Arusha kisha wanarudi nyuma. Huna haja. Basi hilo hilo linapita Makuyuni, njia panda ya Ngorongoro. Shuka hapo, nenda Mto wa Mbu, gari la kwenda Natron likusubiri hapo. Kutoka Mto wa Mbu kupitia Engaruka ni kama kilomita 120 za vumbi na mawe, na gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne linaishia kwenye simulizi. Mkiwa na gari lenu zuri, kuna njia tamu zaidi: barabara ya Musoma hadi baada ya Lamadi, lango la Ndabaka, mkatize Serengeti na Ngorongoro, mshukie Mto wa Mbu. Mtalipia hifadhi mbili kwa kupita, lakini ni safari na utalii kwa pamoja. Wahini malango, jioni yanafungwa na hayasikilizi sababu.

Bisoke: hapa mambo yamebadilika. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Sengerema, Geita, Runzewe, moja kwa moja hadi Rusumo. Pale unavuka Mto Kagera, maji yale yale yanayokuja kuishia kwenye ziwa letu, na ng'ambo gari linahamia upande wa kulia na saa inarudi nyuma saa moja. Sisi tulisahau saa, tukafika stendi Kigali tukidhani tumechelewa basi, kumbe tumewahi, tukakaa kama wageni wa msiba. Kigali hadi Musanze, mji ulio karibu na Kinigi, ni kama kilomita 100 za kona. Beba hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na usibebe mfuko wa plastiki. Kule wamepiga marufuku tangu 2008. Lugha isikutishe, Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, ingawa bibi wa sokoni Musanze atakujibu kwa Kinyarwanda na mtaelewana kwa vidole.

Pesa

Bei sizitaji kwa sababu hubadilika kila mwaka wa fedha. Nitaje zinakojificha. Meru unalipia siku: kiingilio, kibanda, askari, uokoaji, na juu yake VAT ya 18%. Raia analipa kwa shilingi na ni nafuu kubwa kuliko mgeni, lakini uwe na kitambulisho cha NIDA mkononi. Mwenzetu alikiacha Kirumba, tukapoteza asubuhi nzima getini tukimsubiri mdogo wake atume picha. Lengai ada ni ndogo, gari ndilo linalokula. Mkiwa wawili ni ghali. Mkijaa sita kwenye Land Cruiser moja, unakuwa mlima wa bei ndogo kuliko yote. Bisoke una siku chache lakini una mpaka, dola na gari la kukodi. Ukiulizia, taja kwamba wewe ni raia wa Afrika Mashariki kabla hawajakupa bei.

Miezi, miguu na matobolwa

Juni hadi Oktoba kunafaa kote. Januari na Februari pia. Machi hadi Mei achana nayo: Lengai makorongo yanapitisha maji, Meru njia inateleza, na Bisoke tope linafika magotini badala ya vifundoni.

Mazoezi: kukimbia Capri Point kunafaa mapafu, hakufai magoti. Kinachokuandaa ni ngazi za Isamilo na zile za Mabatini kati ya mawe, ukiwa na dumu la lita kumi mgongoni, na siri iko kwenye kushuka. Wengi hupanda na dumu, wakalimwaga juu, wakashuka wepesi. Shuka nalo. Mara tatu kwa wiki kwa wiki sita. Watoto watakuuliza unauza maji bei gani, waambie bei.

Chakula cha njiani hatuhitaji kuiga mtu. Matobolwa na karanga za kukaanga vilinivusha Lengai vizuri kuliko biskuti za wenzangu, ambazo zilikuwa zimegeuka unga saa nane usiku. Viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa vina utamu wa taratibu, havioozi, havivunjiki, na mate yakija unatafuna huku unatembea. Dagaa acha nyumbani, vinaleta kiu.

Sasa nani aende wapi

Mwenye goti bovu, au mwenye siku tatu tu: Bisoke. Muuguzi wetu nimemwandika huko na amekubali bila kusukumwa.

Ambaye hajawahi kupanda mlima wowote mrefu: Meru, hata kama anadhani anataka moto. Kuna mahali pa kulala, kuna askari, kuna nafasi ya kugeuka siku yoyote bila kuharibia wenzako safari. Lengai ukishindwa katikati ya ukuta saa tisa usiku, mwongozaji mmoja lazima ashuke nawe, na waliobaki wanabaki na mmoja au wanarudi wote. Niliona kundi jingine likirudi wote, na kimya chao kilikuwa kizito.

Lengai uwe wa pili. Uende ukiwa umeshajua miguu yako inavyofanya baada ya saa sita, na umeshajua utakavyokuwa mtu wa kuishi naye ukichoka. Wanne wetu wanaotaka moto walinuna nilipowaambia hivyo. Mmoja aliandika, "Kaka, wewe umeshaona, sisi unatuzuia." Sikumzuia. Nilimwambia apande Mabatini na dumu mara nne mfululizo bila kukaa, akimaliza anipigie simu akiwa juu. Alipiga Alhamisi. Alikuwa anahema, nyuma yake nasikia watoto wakiuliza bei ya maji.

Kwa hiyo tumegawanyika. Shemeji na wengine watano wanakwenda Meru mwishoni mwa Juni. Muuguzi anavuka Rusumo na mumewe. Mimi narudi Lengai Julai, wiki ya mwezi mpevu ili tochi zipumzike, pamoja na huyu wa Mabatini. Gari la kutoka Mto wa Mbu lina viti sita; tumejaza viwili. Anayekuja aje na lita zake nne na glavu za fundi, na buti alilokwisha kulivaa mwezi mzima.